Karatasi ya maabara imenifanya nimshuku mke wangu, kisha nijishuku mwenyewe

Mama Mshauri, pokea salamu zangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 37. Ninaishi Umoja hapa Nairobi na mke wangu wa miaka 33. Nyumbani kwetu ni Busia. Kwa miaka 11 nimefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate Eneo la Viwandani, zamu ya usiku, upande wa matanuri. Tumeoana miaka 6 na hatuna mtoto.

Miaka mitatu iliyopita mke wangu alishika mimba. Alinisubiri mlangoni asubuhi nikitoka kazini, bado amejifunga leso, hata viatu hakunipa nafasi ya kuvua. Mimba ile ilikaa wiki 9. Usiku ilipotoka nilikuwa zamu, simu yangu iko kwenye kabati la kubadilishia nguo, na jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Nilifika saa moja asubuhi nikiwa na unga mikononi. Tangu hapo, hakuna kitu.

Kila aliyetusikia alimtazama yeye. Amepimwa homoni, amepigwa ile eksirei ya mirija ambayo hupitishwa dawa ndani, akarudi nyumbani akishika ukuta. Amemeza vidonge vya kupevusha mayai miezi minne. Picha ilionyesha mrija mmoja uko wazi na wa pili haukuonekana vizuri, basi mwezi ujao anatakiwa kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuingiza kamera tumboni. Pesa amekopa kwenye chama chake. Mama yangu naye akipiga simu hamwulizi habari za afya. Husema nyumba yetu haina sauti, na mara mbili ameniambia wazi nitafute mke mwingine mapema kabla sijazeeka.

Miezi miwili iliyopita nilienda kupimwa kimya kimya. Mke wangu alikuwa amesafiri kwa msiba wa kwao, siku 12. Kabla ya hapo, kama wiki tano, nilikuwa nimeshikwa na malaria kali baada ya kutoka Busia, nikalazwa siku tatu. Shahawa niliitoa nyumbani, nikaiweka kwenye mkoba, nikapanda matatu. Jogoo Road ilikuwa imefunga, nikafika maabara baada ya saa moja na nusu. Majibu yalisema hivi: ujazo mililita 2.1, mbegu milioni 4 kwa mililita, zinazotembea asilimia 22, zenye umbo la kawaida asilimia 2. Kijana wa maabara alinyamaza kidogo, akasema, "Mzee, hapa mtoto itakuwa ngumu."

Karatasi nimeificha ndani ya buti langu la kazi. Mke wangu hajui. Nilimwambia kaka yangu peke yake, naye akaniuliza, "Kama una milioni 4 tu, ile mimba ilikuwa ya nani?" Mama, neno hilo limenimaliza. Nimeanza kukagua simu ya mke wangu akiwa analala. Sijaona kitu, wala sijawahi kuwa na sababu ya kumshuku. Baadaye nikasoma mtandaoni kwamba mbegu mbovu husababisha mimba kutoka. Sasa siku nyingine naamka nikiamini mimba haikuwa yangu, siku nyingine naamini ilikuwa yangu na mimi ndiye niliyeiua. Na hizo 98 kati ya 100 zenye kasoro, je, mtoto angezaliwa mzima?

Kazini kuna mmoja anauza mkombero, anasema nitafune kila siku. Mwingine wa jimu ameniambia kuna sindano za homoni ya kiume zinazorudisha uanaume upesi, nimeshalipa nusu ya bei. Mengine ya kukuambia ni kwamba navuta sigara tatu au nne kila usiku, na nikisimama zamu ndefu, upande wa kushoto kule chini huvuta kama kuna uzito, ingawa hauumi sana.

Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili. Mke wangu hufua, nami humsaidia kupandisha ndoo na kuanika juu ya paa. Zamani tulikuwa tunaongea sana huko juu. Siku hizi naanika nikinyamaza. Nimwambie au nitafute dawa kwanza? Nisaidie.

Mwoka mikate, Umoja

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale uliposema ulifika hospitali na unga mikononi. Asubuhi hiyo umeibeba miaka mitatu, na sidhani umewahi kumweleza mtu ilivyokuwa. Naanzia hapo kwa sababu naona maswali yako mazito yametoka asubuhi ile. Maabara imeyapa nambari tu.

Unauliza kama mimba ilikuwa yako. Unauliza pia, kama ilikuwa yako, iwapo mbegu zako ndizo zilizoiharibu. Tazama maswali hayo yalivyokaa. Katika la kwanza mwenye hatia ni mke wako, katika la pili ni wewe, na huachi nafasi kwamba huenda hakuna aliyekosa. Karatasi moja umeifanya shahidi wa kesi mbili zinazopingana, ilhali siku ya tukio karatasi hiyo haikuwepo.

Nikisema haikuwepo, nina maana. Mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu kila siku, na kila mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, kisha siku kadhaa za kukomaa na kusafiri. Kwa hivyo shahawa uliyoitoa siku ile ilisimulia miezi mitatu iliyotangulia. Haiwezi kusimulia miaka mitatu nyuma. Hesabu yako ya wakati mke wako aliposhika mimba haijulikani, na haitajulikana kamwe. Huenda ilikuwa 4, huenda ilikuwa 20.

Na hata ingekuwa 4 wakati ule, bado kaka yako angekuwa amekosea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, liliweka mpaka wa chini wa milioni 16 kwa mililita. Watu wengi huuona mpaka huo kama ukuta: juu yake unazaa, chini yake huzai. Haukupatikana hivyo. Watafiti waliwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakawapanga kuanzia mwenye mbegu chache hadi mwenye nyingi, kisha wakaweka alama mahali ambapo watano kati ya kila mia wako chini yake. Maana yake ni kwamba hao watano walio chini ya mpaka nao ni baba. Sitakudanganya kwamba 4 na 16 ni kitu kimoja. Ukishuka namna hiyo nafasi ya kila mwezi hupungua, na kungoja huwa kurefu. Ila kupungua ni tofauti na kwisha. Mwanamume ambaye daktari humwambia hana mbegu kabisa ni yule ambaye hawakuona hata moja, tena baada ya kupimwa zaidi ya mara moja. Wewe kwenye chupa ile ulikuwa na zaidi ya milioni 8.

Sasa nikuonyeshe mambo uliyoyaandika kwa kupita, ambayo mimi yalinifanya niweke miwani vizuri. Ulikuwa umetoka kulazwa kwa malaria wiki tano kabla. Homa kali huunguza utengenezaji wa mbegu, na athari yake huonekana wiki na hata miezi miwili mitatu baadaye. Pia ulibeba shahawa kwenye mkoba saa moja na nusu ndani ya msongamano wa Jogoo Road. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa karibu na mwili ili isipate baridi, la sivyo mbegu zinazotembea hupungua njiani. Tena ulikuwa umekaa siku 12 bila kukutana na mke wako, wakati kinachoshauriwa ni kati ya siku 2 na 7. Ukikaa muda mrefu hivyo idadi haipungui, lakini nyingi huwa zimechoka au zimekufa. Sisemi karatasi yako ni ya uongo. Huenda ukipima tena ikarudi vilevile. Ninachosema ni kwamba hakuna daktari mwangalifu angekuhukumu kwa kipimo kimoja, na kipimo chenyewe kikiwa kimechukuliwa katika siku mbaya kama zile. Kijana wa maabara kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kukutabiria hakukuwa kwake.

Tuje kwenye swali la pili, ambalo nadhani ndilo linalokuamsha usiku.

Mimba nyingi hutoka, mwanangu. Kati ya mimba ambazo mama amekwisha kujua anazo, takriban moja kati ya saba hivi huharibika, na nyingi ya hizo hutoka kabla ya wiki 12. Karibu nusu ya zinazotoka mapema huwa na hitilafu ya kromosomu, yaani yai na mbegu zilipokutana, hesabu ya vinasaba haikukaa sawa tangu siku ya kwanza. Jambo hilo hutokea kwa watu wazima wa afya, wasiofanya kosa lolote. Mimba moja iliyotoka wiki ya 9 haihitaji mbegu chache kuieleza.

Ulichosoma mtandaoni kina kweli ndani yake, lakini kimechanganywa. Uchache wa mbegu hufanya mimba ichelewe kuingia. Haumaanishi kwamba ikiingia itatoka. Kilichohusishwa na mimba kutoka ni kukatikakatika kwa vinasaba vilivyo ndani ya kichwa cha mbegu. Hilo halionekani kwa kuhesabu. Lina kipimo chake, na kwenye karatasi yako hakipo. Sigara, joto, maambukizi, umri na mishipa iliyovimba kwenye korodani vyote vinaweza kuliongeza. Madaktari hulifikiria zaidi pale mimba zinapotoka mara mbili au zaidi, na hapo huwapima wote wawili, damu ya mama na kromosomu za baba na mama. Mke wako ametokwa na moja. Sijui kwa nini ilitoka, na karatasi iliyo kwenye buti lako haijui pia.

Hizo 98 zenye kasoro zimekutisha bure. Mpaka wa umbo la kawaida ni asilimia 4 tu. Yaani mwanamume aliye juu kidogo ya mpaka, mwenye watoto wanne wanaoenda shule, anaweza kuwa na 95 kati ya 100 zenye kichwa kikubwa, shingo iliyopinda au mkia mfupi. Umbo la mbegu si umbo la mtoto. Mbegu yenye sura mbaya kwa kawaida hushindwa kufika au kupenya yai, haizai mtoto mwenye sura yake.

Kabla sijasahau, ile sindano. Hapa nitakuomba kwa mikono miwili usidungwe kabla hujaonana na daktari wa uzazi wa wanaume, hata kama nusu ya pesa imekwenda. Homoni ya kiume ikiingizwa kutoka nje, ubongo huiona kwenye damu na kuamini korodani zimefanya kazi ya kutosha, kwa hivyo huacha kuziamrisha. Misuli huweza kunenepa na hamu ikapanda, huku mbegu zikishuka hadi sifuri. Kuna wanaume wanaoingia jimu na hesabu nzuri na kutoka bila hata moja, na kurudi huchukua miezi, wengine zaidi ya mwaka. Katika barua yako yote hili ndilo lililonitia hofu kubwa. Mkombero sina ugomvi nao kama kitafunwa, lakini wanaoutafuna huutafutia hamu, na tatizo lako hukuandika kuwa ni hamu. Pesa yake ingelipa kipimo cha pili.

Ule uzito wa upande wa kushoto nao usiupuuze. Kuna hali ambayo mishipa ya damu juu ya korodani huvimba na kujikunja, na ikishikwa mtu akiwa amesimama huhisiwa kama kifuko cha minyoo. Hupatikana kwa karibu wanaume 15 kati ya 100, mara nyingi kushoto, na kwa wanaume wanaotafuta mtoto bila kupata hufika karibu 40 kati ya 100. Damu ikituama pale joto hupanda, na korodani zimening'inia nje ya mwili kwa sababu hutaka ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la tumbo. Ongeza miaka 11 mbele ya tanuri. Siwezi kukupima kwa barua, na huenda isiwe hiyo. Daktari huigundua kwa mkono, ndani ya dakika chache. Ikiwa ndiyo, upo upasuaji mdogo wa kuifunga mishipa hiyo, na wengi hesabu yao hupanda baada ya miezi mitatu hadi sita. Wengine haipandi. Kuhusu kazi, sikwambii uiache, kodi ya Umoja hailipwi na ushauri wangu. Uliza tu kama kuna zamu upande wa kufungasha. Sigara nayo unaijua.

Sasa mke wako.

Umeniuliza umwambie au utafute dawa kwanza, na naelewa kwa nini unapenda hilo la pili. Unataka kwenda kwake na habari njema mkononi, useme nilikuwa na tatizo, limekwisha. Ni tamanio la mtu anayempenda mkewe. Lakini hesabu siku pamoja nami. Kipimo cha pili ukitaka kiwe cha kuaminika, kikae angalau miezi mitatu baada ya ile homa, na kwa maelezo yako wakati huo umeshatimia. Unaweza kupima wiki hii. Matibabu yoyote yatakayofuata yatataka miezi mitatu hadi sita kuonyesha kitu. Upasuaji wake ni mwezi ujao. Kwa hivyo ukingoja habari njema, yeye atakuwa ameshalala kwenye meza, ameshalipa kwa mkopo, na daktari wake atakuwa ameamua yote hayo akiwa na nusu ya habari. Huenda akijua majibu yako bado atasema kamera ni muhimu, maana mrija mmoja haukuonekana na kwa wanandoa wengi tatizo hukaa pande zote mbili. Huenda pia akasema tungoje. Hilo ni lake na mke wako kulizungumza, na kwa sasa hawawezi kwa sababu ya kitu kilicho ndani ya buti.

Kumwambia nako kuna hatari zake, sitazificha. Anaweza kukasirika, na hasira yake isiwe ya mbegu. Iwe ya miezi miwili ya kunyamaza, na ya miaka yote aliyotazamwa yeye. Anaweza kulia. Anaweza, kwa siku chache, asitake kuongea nawe. Na kuna jambo la simu. Ukimwambia majibu bila kumwambia kwamba ulimshuku, utakuwa umetoa nusu. Ukimwambia yote kwa pumzi moja, anaweza kusikia tuhuma tu na yale mengine yasimfikie. Sijui lipi bora kwenu. Najua wanandoa walioanza na karatasi, wakaacha lile jingine hadi machozi ya kwanza yakauke, na wengine ambao hawakuweza kukaa na siri ndani ya siri hata siku moja. Ila kukagua simu, hilo unaweza kuliacha leo usiku bila kumwambia mtu yeyote. Umetafuta na hukuona kitu. Nikuulize tu: ungeona nini ndipo utulie? Ukijikuta huna jibu, basi huenda hukuwa unatafuta mwanamume mwingine. Huenda ulikuwa unatafuta mahali pa kuweka uchungu wa ule usiku ambao simu yako ilikuwa kabatini.

Ipo pia njia ya katikati, ambayo wengine huipenda: kwenda pamoja kwa daktari wake kabla ya tarehe ya upasuaji, umwambie mke wako njiani au siku iliyotangulia kwamba nawe umepima na majibu hayakuwa mazuri, kisha daktari awaeleze nyote maana yake. Faida yake ni kwamba hutabeba peke yako maswali ya kitaalamu. Ubaya wake ni kwamba watu wengine husikia vibaya wakiwa mbele ya koti jeupe, wakanyamaza pale walipohitaji kupiga kelele. Wewe unamjua.

Kaka yako ameshajua, na neno huwa halikai Busia. Fikiria kama ungependa mke wako alisikie kwako au alisikie kwenye simu ya mama yako. Mama yako mwenyewe sidhani anastahili kuambiwa nambari zako. Mwili wako si mali ya ukoo. Lakini sentensi moja kutoka kwako, "Mama, jambo hili ni letu sote wawili na tunatibiwa pamoja, usimseme mke wangu," ungeweza kuisema hata bila karatasi. Ungeweza kuisema hata miaka mitatu iliyopita. Sikusuti, nawaza kwa sauti.

Kuhusu mbele, nitapita haraka kwa sababu ni mapema. Kipimo cha pili kikipanda, mnaweza kuendelea kujaribu wenyewe, mkikutana kila baada ya siku mbili tatu, na miaka 33 ya mke wako bado inawapa muda, ingawa si wa kupoteza. Zinazotembea, kwa hesabu ya karatasi yako, ni chini kidogo ya milioni 2 kwa jumla. Zikibaki hapo, kusafisha mbegu na kuziingiza kwenye mji wa mimba huwa na nafasi ndogo. Idadi ikibaki chini ya milioni 5 kwa mililita, madaktari wengi huagiza kipimo cha homoni na cha kromosomu, kwa sababu wakati mwingine chanzo ni cha kuzaliwa nacho, na ni vizuri kujua kabla ya kugharimika.

Ipo njia ya kudunga mbegu moja moja ndani ya yai maabarani. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa 1992, kazi ya madaktari wa Brussels, na hapa kwetu watoto wa kupandikizwa wamekuwa wakizaliwa tangu 2006. Uzuri wake ni kwamba milioni hazihitajiki tena. Kila yai lahitaji mbegu moja hai. Uzito wake ni malaki ya shilingi kwa jaribio moja lisilo na hakika, sindano nyingi kwa mke wako, hatari ya mapacha wakirudisha viinitete zaidi ya kimoja, na ongezeko dogo la watoto kuzaliwa na hitilafu, ingawa walio wengi huzaliwa wazima. Tena kama uchache wako unatoka kwenye vinasaba, mtoto wa kiume anaweza kuurithi. Kuna mbegu za mtu mwingine, kuna kuasili mtoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, kuna kubaki wawili. Hakuna kati ya hayo linalofaa kuamuliwa na mtu mmoja juu ya buti.

Umesema Jumapili huwa mnapanda juu kuanika, na kwamba zamani mlikuwa mnaongea huko. Sijui kama ndipo mahali, labda kuna majirani wengi. Labda ni jikoni, labda ni ndani ya matatu mkitoka kanisani. Huenda usianze hata na karatasi. Huenda ukaanza na ile asubuhi: kwamba ulikimbia, kwamba hukunawa mikono, kwamba ulimkuta amelala ukakosa la kusema. Naye ana upande wake wa usiku ule, na katika barua yako ndefu sikuona mahali ulipowahi kumwuliza.

Niandikie tena, majibu ya pili yakitoka au hata kabla. Na hiyo karatasi itoe kwenye buti, mwanangu. Buti la mtu anayesimama mbele ya tanuri usiku kucha lina jasho, wino utafutika, na daktari atataka kuzisoma nambari zote nne.